Kuumwa Sukari

Siku ya kuniaga mlinipa doti ya kanga, saa ya ukutani na mfuko wa sukari. Mmoja wenu alinong'ona, nikamsikia: "Bibi Somoe sasa atakunywa chai mpaka achoke." Nikacheka pamoja nanyi. Kanga nimeshaivaa, saa nimeitundika. Mfuko wa sukari uko juu ya kabati, haujafunguliwa, na ndio ulionikalisha chini kuandika haya.

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu imezoea kuandika majina ya wagonjwa na upande wa jino, kulia au kushoto, juu au chini. Lakini ninyi mnaobaki kwenye chumba cha meno mmekuwa mkiniuliza zamani tulifanyaje kazi, nami nikiwajibu kwa mkato. Jibu refu lina kaburi ndani yake, na kazini hakuna nafasi ya kukaa kaburini. Sasa nafasi ninayo.

Niliingia kazini miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na niliingia kwa mlango wa ufagio. Hospitali ilikuwa hapa hapa mjini Mtwara, na chumba cha meno kilikuwa mwisho kabisa wa jengo, karibu na mahali pa kuanikia mashuka, ili kelele zisiwafikie wengine. Aliyekuwa aking'oa meno na kutibu kila kinywa kilichofika pale ni Mzee Anselimo, Mmatengo kutoka Mbinga, Mkristo, mtu mfupi mwenye viganja vinene, aliyejifunza kazi kwa wamisheni kabla ya uhuru. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinamia ndoo, nadeki, akaniita.

"Binti, acha tambara. Nawa mikono, uje ushike kichwa."

Kilikuwa kichwa cha mzee mmoja mchukuzi wa bandarini. Sindano za ganzi zilikuwa hazijaletwa toka Dar es Salaam. Nikakishika, nikaanza kutetemeka kuliko mwenye jino. Mzee Anselimo hata hakunitazama. "Shika kichwa chake," alisema. "Roho yako utaishika baadaye."

Nilishika vichwa vya watu tangu siku hiyo mpaka mliponipa saa ya ukutani.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Koleo za kung'olea tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na mafuta yakikosekana tulikoka mkaa nje, kama watu wanaotaka kupika maharage. Mashine ya kuchimbia jino ilikuwa ya kukanyaga, kama cherehani. Mzee Anselimo alishika sindano ya kuchimbia, mimi nikakanyaga. Kwa hiyo mguu wangu wa kulia ndio uliokuwa umeme wa chumba kile. Umeme wenyewe ulipokuja na mashine yake, ulikatika mara nyingi kuliko mguu wangu ulivyowahi kuchoka, lakini hilo tuliache.

Mzee Anselimo alikuwa na ugomvi na maneno. Wagonjwa wetu wengi walizaliwa ndani ya Kimakonde, Kimakua au Kiyao, Kiswahili wakakijua ukubwani, naye mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa na milima ya Mbinga. Aliamini kwamba nusu ya ugonjwa iko kinywani na nusu iko katika neno analokuja nalo mgonjwa. Nakumbuka bwana mmoja wa Naliendele, shavu limevimba mpaka jicho limefumba, usaha umeshuka shingoni, anapumua kwa kukoroma.

"Limeanza lini kukuuma?"

"Kabla ya Ramadhani, Mzee. Nilikuwa nasubiri liive."

"Liive?"

"Jino bichi liking'olewa linaua, si ndivyo? Nimesubiri liive."

"Linaloiva ni embe," alisema Mzee Anselimo, na tayari alikuwa ameshika kisu cha kutolea usaha. "Jino linaoza. Na wewe ulikuwa unaoza nalo."

Bwana yule alipona, na kovu chini ya taya lilimbakia. Kwa muda mrefu baadaye, Mzee Anselimo alikuwa akimsimamisha kila mwenye shavu lililovimba mlangoni, anamuuliza kwanza: "Umekuja mapema au ulikuwa unasubiri liive?" Neno moja alilipata, akalifunga kamba. Kulikuwa na jingine hakuliona.

Neno alilolichukia kuliko yote ni uzee. Mtu analetwa na wanawe, fizi zimevimba, meno yanacheza, harufu ya kinywa inakutangulia mlangoni, na wanawe wanasema, "Ni uzee tu, Mzee, tumemleta ayatoe yaishe." Yeye alikuwa akiwajibu, "Uzee hauumi. Kinachouma kina jina lake." Alinifundisha kumtazama mtu mzima kuanzia kinywani, lakini nisiishie kinywani. Fizi zinazotoka damu wakati wa kusafisha meno si za kuachwa zipumzike, ni za kusafishwa vizuri zaidi, kwa mswaki laini, hata wa mti ukitafunwa vizuri ncha yake, asubuhi na kabla ya kulala, na maji ya chumvi ya uvuguvugu. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo utazamwe palipo, maana kidonda kisichopona pale si cha kupuuzwa. Meno yakilegea yote kwa pamoja, bila kutoboka, usikimbilie koleo. Mwulize mtu anakunywa maji kiasi gani. Mwulize anaamka kukojoa mara ngapi. Mwambie avue viatu, mtazame miguu. Wagonjwa walishangaa. "Nimekuja na jino, unanivua viatu?" Alikuwa akisema mdomo ni mlango wa nyumba: ukiona mlango umelegea, usigongomee bawaba tu, katazame na ukuta.

Hayo yote nimewafundisha ninyi, na mnayafanya. Sasa niseme yaliponifikia mimi.

Mama yangu alifariki akinizaa. Aliyenilea ni dada yake mkubwa, Bi Zuhura, nami nilimwita Mama Mkubwa. Nyumba yake ilikuwa mbele ya Madimba, upande wa mto Ruvuma. Madimba ya siku hizi mnaijua kwa mitambo ya gesi; wakati ule ilikuwa muhogo, minazi na mikorosho tu. Mama Mkubwa alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa tangu uwari wake, meupe, yenye ncha, na alikuwa akivunja nayo mfupa wa kuku. Nilipoanza kazi alinikejeli.

"Wanakulipa kwa kung'oa meno ya watu? Njoo basi ung'oe langu. Uje na trekta."

Alikuwa na mwana mmoja tu, Saidi, mkubwa kwangu. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, walihamishwa kutoka mtoni wakapelekwa barabarani, nyumba zikapangwa kwa mstari. Mikorosho yake ilibaki nyuma mahameni, mwendo mrefu. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye jina lake nitaliacha kwa kuwa wajukuu zake ni majirani zangu, alisimama mbele ya wazee akaahidi: "Hapa wazee hamtalima tena kwa kuchoka. Hapa mtatunzwa. Wazee wetu watakunywa chai." Hakuwa mwongo. Likafunguliwa duka la kijiji, na ufunguo akapewa Saidi kwa kuwa alijua hesabu na hakujulikana kwa wizi. Na kila sukari ilipofika, mgao wa wazee ulitangulia. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, nami siidharau. Watu wale walinyang'anywa mikorosho, wakapewa kikombe cha chai. Angalau kikombe kilikuwa kitamu.

Kisha zikaja zile shida za baada ya vita, na sukari ikawa kama mgeni wa heshima: inasemwa inakuja, haionekani. Watu walikunywa chai kwa chumvi, kwa muwa, kwa kutazamana. Kwenye foleni ya duka palizuka utani. Mtu akiulizwa hali, alijibu, "Mwili mzima, lakini naumwa sukari." Maana yake hajaionja siku nyingi. "Na mimi naumwa," anajibu mwenzake. "Kwetu nyumba nzima imelazwa." Mnacheka? Na sisi tulicheka.

Katika miaka hiyo Saidi alimleta Mama Mkubwa mjini kwa lori la korosho. Nilipomwona akishushwa, kwanza sikumjua. Alikuwa amekonda mabega, na kanga ilimzunguka kama imetundikwa ukutani. Alikaa kwenye kiti chetu cha mbao, akafungua kinywa, nami nikashika kichwa chake kama nilivyoshika cha kila mtu. Yale meno yenye ncha yalikuwa yanacheza kila moja kwa upande wake. Fizi zilikuwa nyekundu, zimejaa, zinang'aa.

"Meno yangu yamenichoka, mwanangu," alisema. Aliongea kama watu wote wa kule, mdomo kwake ulikuwa ndomo, mguu ulikuwa nguu, mtu alikuwa ntu. "Ntu akizeeka, vyote vinamkimbia."

Mzee Anselimo hakugusa koleo. "Shikamoo, Bibi. Maji unakunywa?"

"Marahaba. Nakunywa mtungi na bado nautazama mtungi."

"Na usiku?"

"Usiku silali, nalinda choo." Akacheka, akaficha kinywa kwa kanga. "Na sisimizi wa siku hizi hawana adabu. Wanafuata mpaka msalani."

Mzee Anselimo alinitazama, mara moja tu. Akaniambia nimpe Mama Mkubwa kikopo cha mkojo. Akaomba maabara kidogo ile dawa ya buluu ya kupimia sukari kwenye mkojo, akatia matone ya mkojo, akaipasha juu ya jiko letu la koleo. Mimi nilisimama kando yake. Ile buluu ikawa kijani, kijani kikawa manjano, manjano ikageuka rangi ya tofali. Sijapata kuona rangi ikibadilika upesi hivyo mpaka leo.

Daktari alimwona, akatoa vidonge, akaagiza arudi viishapo. Vidonge vilikuwa vichache, kama kila kitu. Nilimpeleka Mama Mkubwa dirisha la dawa, tukasimama foleni, naye akawasalimu watu wote kama yuko harusini. Wakati huo Mzee Anselimo alikaa na Saidi nje kwenye benchi, akamweleza. Aliyosema aliniambia mwenyewe baadaye, tena zaidi ya mara moja, na Saidi naye ameniambia, na maneno yao hayapishani.

Mzee Anselimo alisema: "Kijana, mama yako anaumwa sukari. Huu ni ugonjwa wa sukari, na ni mzito. Umenielewa?"

Saidi akajibu: "Nimekuelewa, Mzee. Tutajitahidi."

Wakashikana mikono. Kila mmoja aliondoka ameridhika na mwenzake.

Mvua zikanyesha, barabara ikakatika, na kwa miezi sikusikia habari ila salamu. Mvua zilipopungua nilipanda gari la chanjo lililokuwa linaelekea upande ule. Nilishuka kijijini mchana. Kabla sijafika nyumbani nikakutana na jirani yao, Bi Salima, ameshika kikombe kilichofunikwa kwa kipande cha kitambaa.

"Somoe! Karibu, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, mgonjwa wenu tunamhudumia."

"Ahsante, Bi Salima. Mnamhudumiaje?"

"Kijiji kizima! Saidi alivyotueleza ugonjwa wenyewe, Mwenyekiti akasema, mwenye mgao atoe kidogo. Hata mwenye kijiko kimoja analeta." Akafunua kitambaa. "Hii ya wanangu, wao wamezoea chumvi."

Nilitazama ile sukari ndani ya kikombe. Ilikuwa nyekundu, yenye chenga, ameiweka kama watu wanavyoweka dhahabu. Bi Salima alidhani nimeguswa na wema wake, akanishika bega.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mbele yake bakuli la uji. Meno ya mbele yalikuwa yameshatoka yenyewe. Alinifurahia sana.

"Umekuja! Umeona ninavyopendwa? Hata Mwenyekiti kaja na ya kwake kwenye karatasi." Akakoroga uji. "Meno yamekwisha, mwanangu, lakini Mungu si nkorofi. Sukari haitaki meno."

Nilimfuata Saidi dukani. Alikuwa nyuma ya meza, ufunguo shingoni kwa kamba.

"Kaka Saidi, mnamwua mama."

"Nini?"

"Sukari. Ndiyo inayomwua. Ugonjwa wa sukari ni damu kuwa na sukari nyingi. Hatakiwi kuigusa."

Akasema taratibu, kama anayenisaidia hesabu: "Mzee wako aliniambia anaumwa sukari. Anayeumwa na njaa hupewa chakula. Anayeumwa na kiu hupewa maji. Huyu nimpe nini? Chumvi?"

"Alimaanisha..."

"Alisema, Somoe. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Alisema." Akaketi juu ya gunia tupu. "Nimekwenda mpaka Mikindani kwa miguu kumtafutia. Nimemlilia Mhindi dukani kwake kama mtoto, mpaka akatoa ya nyumbani kwake. Nimewaambia watu nyumba kwa nyumba, mama anaumwa sukari, wakanipa. Sasa niwaambieje?"

Nililala pale siku mbili tatu, nikawaeleza mmoja mmoja. Wengine walielewa. Mwenyekiti alielewa, akashika kichwa. Bi Salima alisema "Ehe, ehe," na macho yake yalisema huyu binti wa mjini ana choyo. Saidi alifunga sukari dukani, akaacha kumpelekea mama yake hata punje.

Hapo ndipo mnatakiwa kuelewa watu wetu. Saidi ndiye mwenye ufunguo. Wazee wengine wanapewa mgao wao, mama yake hapewi. Kwenye foleni ile ile ya utani pakazuka maneno mengine. "Mwenye ufunguo kamfungia na mama yake." "Ukikonda ukauliza kwa nini, kamwulize mwanao mnene." Saidi hakuwa mnene, lakini masimango hayapimi uzito. Mama Mkubwa naye alimwita, akamwuliza mbele ya watu: "Nilikukosea nini, Saidi? Nilikunyonyesha kwa kipimo?" Saidi alivumilia wiki chache. Siku moja alifungua duka, akajaza bakuli, akampelekea mwenyewe, akaketi mpaka akamaliza uji. Sijamlaumu. Kuna watu wanaoweza kubeba gunia la korosho na hawawezi kubeba hilo.

Vidonge viliisha. Vilipopatikana vingine, barabara haikupatikana. Na Mama Mkubwa, aliyeambiwa kijijini hatalima tena, alikuwa haachi kwenda mahameni kuokota korosho zake, maana aliona aibu zioze. Huko alichomwa na mwiba kwenye kidole cha mguu. Hakuusikia. Mniangalie hapa: hakuusikia. Mguu wenye sukari hauna habari. Alitembea nao mpaka kidole kikawa cheusi, na watu wakasema ni uzee, damu ya wazee haifiki mbali.

Waliponiletea, harufu ilitangulia kitanda. Daktari alisema mguu ukatwe juu ya goti. Nilipomweleza Mama Mkubwa, alinitazama kwa macho yale yale aliyokuwa akinitazama nayo nikirudi na matokeo ya shule.

"Meno nimewaachia. Nguu huu nimekuja nao, nitaondoka nao."

"Mama Mkubwa, ukikatwa utaishi."

"Niishi niende wapi? Mtoni wametuhamisha." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, jambo ambalo nimelibeba katika kazi yote: "Somoe, ni kweli kwamba ile sukari ndiyo? Ile waliyowanyima wana wao, wakaniletea?"

Nilikuwa nimefundishwa nisimdanganye mgonjwa. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Usimwambie Salima." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyajua. Bi Salima ameshafariki, kwa hiyo naandika.

Hitima ilifanyika kijijini. Mwenyekiti, kwa heshima, alikwenda kuomba kwa wakubwa, na lililokuwa halipatikani kwa wazima likapatikana kwa maiti: gunia zima la sukari, limeshonwa, halijaguswa na panya. Chai ilipikwa kwa sufuria za shughuli. Ilikuwa tamu sana. Watoto walikunywa mpaka wakalewa, maskini, wengine ilikuwa mara yao ya kwanza mwaka huo. Mwenyekiti akasimama akasema marehemu hakufa kwa shida, alitunzwa, amekwenda kwa uzee wake. Watu wakaitikia.

Mzee Anselimo alikuja toka mjini, akakaa nyuma kabisa kwenye mkeka na suruali yake ya kazi. Walimpa kikombe. Akakigeuza kifudifudi juu ya kisahani kabla hakijatiwa chai.

"Mzee, chai yetu huipendi?" mtu akamtania.

"Nimeshiba," alisema.

Tulirudi mjini pamoja. Tulipokaribia nyumba za kwanza alisema, kama anamalizia mazungumzo: "Niliwinda neno la embe, nikaacha la sukari." Tangu hapo hakumwambia mgonjwa yeyote kwamba anaumwa sukari. Alisema, "Una ugonjwa wa kukatazwa sukari." Kisha alimwambia mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe atakula nini asubuhi, mchana na usiku, na ndugu aliyemleta naye arudie. Aliyejibu "Tutajitahidi" hakumruhusu kuondoka. "Utajitahidi kufanya nini?" alimwuliza. Mmekuwa mkinicheka kwa kuwauliza wagonjwa hivyo hivyo, na foleni inarefuka. Sasa mmejua nilikolitoa swali lile.

Saidi aliacha ufunguo wa duka mezani kwa Mwenyekiti, akaenda kulima upande wa Kitaya. Miaka mingi hatukuonana ila misibani. Halafu siku moja, si zamani sana, wengine mlikuwepo, aliingia chumbani kwetu mzee mwenye kofia ya kitambaa, akakaa kwenye kiti bila kuitwa. Nikashika kichwa chake. Fizi nyekundu, zimejaa, zinang'aa. Nikamwambia avue viatu, akawa ameshavua.

"Kaka Saidi," nilianza.

"Usinitajie jina la huo ugonjwa," alisema. "Niambie nile nini."

Nikamwambia. Akarudia neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa. Anatazama miguu yake kila jioni kwa kioo kidogo cha kunyolea, akikiweka sakafuni chini ya nyayo. Anapiga mswaki asubuhi na usiku, meno aliyobaki nayo hayachezi. Yuko hai.

Kwa hiyo, wanangu, hilo ndilo jibu refu. Mtakapokuja kunitembelea nikiwa nimechakaa, msiniulize naendeleaje, nitawadanganya. Nifungueni kinywa, nivueni viatu. Wala msiseme ni uzee.

Zawadi hairudishwi, kwa hiyo mfuko wenu bado uko pale pale juu ya kabati. Ijumaa iliyopita Saidi alipita kunisalimu baada ya swala. Alikaa, nikampa chai yake isiyo na sukari, akaisifu saa yenu. Akainua macho zaidi, akauona ule mfuko. Akaweka kikombe chini.

"Somoe," akasema, "nani anaumwa?"